Maharagi Ndani ya Tumbo la Nyoka

Tulimzika Mama Anjelina huko Bweremana, juu kidogo ya ziwa, mahali ambapo ardhi ina mawe mengi kiasi kwamba vijana waliochimba kaburi walipokezana sululu mara kwa mara. Tangu nirudi Goma siwezi kutulia. Naketi, nasimama, nafungua dirisha, nalifunga tena. Wanafunzi wangu kwenye laboratwari wananitazama, wanarudi kwenye kazi zao. Kwenye matanga, majirani wa Bweremana waliomjua marehemu katika uzee wake tu waliuliza mtoto wake ni yupi, wapate kumpa mkono wa pole. Wakaonyeshwa Papa Mateso, mzee mwenye mvi, ameketi juu ya mkeka miguu imenyooka, macho mekundu. Walimshika mkono mmoja mmoja. Hakuna aliyewaambia kwamba hakuzaliwa na mama yule, wala kwamba kuna siku, upande wa Walikale, alisimama mbele ya kanisa akaomba mama huyohuyo afukuzwe kijijini kama mchawi. Mimi nilikuwapo siku ile. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nina makasi, visu vidogo na chupa za formoli ya kuhifadhia wanyama waliokufa, natafuta kujua nyoka wanakula nini.

Mwaka ule kwangu ulianzia Masisi, karibu na Lushebere, katika chumba cha udongo nyuma ya nyumba ya mama mmoja mkulima wa maharagi. Chumba kilinuka moshi na maziwa yaliyoganda, na mlango wake haukufunga vizuri, kwa hiyo kila asubuhi ukungu uliingia kabla ya mtu yeyote kubisha hodi. Profesa wangu alinituma kumchunguza nyoka mmoja mdogo wa milimani, mwenye rangi ya udongo, asiye na sumu, ambaye hali kitu kingine ila koa, wale konokono wasio na nyumba wanaotafuna majani ya maharagi. Kazi yangu ilikuwa kuwaomba wakulima waniletee nyoka waliokwisha kuua mashambani, niwapasue, nitazame tumboni. Walileta wengi. Jioni tulikula viazi na maharagi kwenye sahani moja kubwa, na nilimweleza mama yule kwamba anapomwua nyoka huyu anawalinda adui zake mwenyewe. Alitafuna, akafikiri, akasema, "Dada Sifa, nyoka ni nyoka. Hata ile ya kidogo iko na mama yake." Watoto wakacheka, nami pia nikacheka, lakini usiku nilijigeuzageuza kitandani. Nilikuwa katika umri ule ambao mtu huona kwamba ukweli ukishasemwa vizuri mara moja, kazi imekwisha.

Sikumaliza kazi ya Masisi. Milio ya bunduki ilisogea kutoka kilima hadi kilima, kwanza kama mtu anayepasua kuni mbali, halafu karibu zaidi, na watu wa juu wakaanza kushuka na magodoro vichwani. Profesa alituma ujumbe nihamie Walikale, ambako mwezi ule kulikuwa kumetulia, na nibadilishe mada: badala ya nyoka wa koa milimani, nyoka wa msituni na panya. Nikapata nafasi juu ya kamio, lori lililobeba magunia ya maharagi. Nilisafiri nimelala juu ya magunia hayo, chupa zangu nimezifunga kwa vitenge. Tulikwama kwenye matope, tukatoka, tukakwama tena. Baridi ya Masisi ilituacha njiani. Tuliposhuka chini ya miti mikubwa, joto lilitufunika kama blanketi lililolowa. Magunia yalishushwa kwenye depo moja, ghala la mbao pembeni ya kijiji, kwa mfanyabiashara aliyeuza chakula kwa wachimba madini, kwa kuwa maharagi hayasitawi vizuri katika joto lile na watu wa machimbo waliyapenda. Nami nikashuka hapohapo.

Nilipanga chumba kwa Papa Mateso. Wakati ule alikuwa mwanaume wa makamo, mwindaji na shemasi wa kanisa, mtu wa maneno machache anayesali kwa sauti kubwa. Mkewe alikuwa Mama Neema, na Neema mwenyewe, mtoto wao wa pekee, alikuwa msichana aliyekaribia kumaliza shule ya msingi, mrefu, mwenye kucheka hovyo. Nyumba ilikuwa ya mbao. Kati ya chumba changu na chumba cha wazazi palikuwa na ubao mmoja tu wenye nyufa, kwa hiyo nilijua nani anakohoa, nani amekasirika, na nani anasali kimyakimya. Tulikula bugali ya muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mafuta ya mawese, na Papa Mateso akirudi msituni, nyama. Neema alikataa kukaa karibu na meza yangu ya chupa, lakini jioni alinisuka nywele uani, akinivuta kichwa huku na huku. "Dada, unatikisika sana," alilalamika. "Kichwa yako haitulie." Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimetoka penye bunduki, na kila mlango uliobamizwa ulinisimamisha. Ninapowaza sasa ni wapi mwaka ule nilikaa kwa raha, nakumbuka mikono ya yule msichana kichwani mwangu, na ni hapo tu.

Mama Anjelina aliishi peke yake nyuma ya shamba la migomba la Papa Mateso. Alikuwa mjane, watoto wake wote walikuwa wamekufa, na jambo hilo lenyewe lilikuwa limeshaanza kusemwa vibaya. Alienda kanisani kila Jumapili, lakini pia aliweka majani fulani mlangoni kama wazee wa zamani, na hakuomba radhi kwa hilo. Kiwanja chake kilikuwa cha mwisho: upande mmoja depo, upande mwingine msitu. Msimu ule wa mvua nyoka walionekana kwake zaidi kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Akina mama kisimani walizungumza, wakanyamaza alipofika, wakaendelea alipoondoka. "Fasi yake iko na nyoka kama vile wengine beko na kuku," mmoja alisema juu ya kiwanja kile, na wengine wakacheka, lakini walikuwa wanachungulia nyuma.

Siku moja Neema alitoka kuchota maji, akapita njia ya mkato nyuma ya jiko la Mama Anjelina, jua likiwa linaelekea kushuka. Tulisikia ndoo ikianguka. Alikuwa ameng'atwa juu ya kifundo cha mguu na mpiri, yule nyoka mnene wa msituni mwenye kichwa kama jani pana, anayelala ndani ya majani makavu mpaka usimwone hata ukimtazama. Papa Mateso alimbeba mpaka kwenye kituo cha afya. Hapakuwa na dawa ya sumu. Ilikuwa haijawahi kuwapo. Tulitafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali kubwa, na barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Nilijua jina la nyoka yule kwa Kilatini, nilijua urefu wa meno yake na namna sumu yake inavyoharibu damu, na zaidi ya hapo sikuwa na kitu. Mama Neema alinishika mkono, akaniuliza, "Sifa, si weye ulisoma hii?" Neema alikufa asubuhi yake, akiwa bado anaomba maji.

Baada ya maziko nililala katika chumba changu nikisikiliza ule ubao. Wazee wawili wa kanisa walikuja kwa Papa Mateso mchana, wakaketi chumba cha pili, na kwa muda mrefu ulikuja mlio wa vikombe tu. Kisha nikasikia sauti ya Papa Mateso, tambarare, isiyo na machozi. "Ile haikuwa nyoka ya bure. Nyoka ya pori inakaa pori. Ile ilitumwa, na tunajua inatoka kwa nani." Mzee mmoja alisema polepole wasiharakishe. Papa Mateso akajibu, "Miye siko na mutoto mwingine wa kungoja naye." Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika magoti. Nilikuwa nakula kwenye sahani ya mtu huyu. Nilimpenda mtoto wake. Na nilijua kwamba alichokisema si kweli.

Siku chache baadaye vijana walimwua mpiri mwingine karibu na jiko la Mama Anjelina, wakamburuta mpaka uwanja wa kanisa, na watu wakakusanyika bila kuitwa. Mama Anjelina aliletwa. Alisimama peke yake, kitenge kimefungwa vizuri, mikono nyuma. Papa Mateso alisema neno lake: aondoke, aende popote, lakini asilale tena kijijini. Walipoanza kupiga makelele ya kukubali, niliomba ruhusa ya wazee nimpasue yule nyoka palepale. Sijui nilipata wapi ujasiri. Tumbo la nyoka lilikuwa limevimba katikati. Niliweka jani la mgomba chini, nikapasua. Ndani mlikuwa na panya buku mzima, yule panya mkubwa wa msituni ambaye wengine humwita motomba, bado ana manyoya. Panya huyu ana mifuko ndani ya mashavu, huko hubebea chakula anachokwenda kuficha. Mashavu yalikuwa yamejaa. Nilibonyeza kwa kidole gumba, na maharagi yakatoka, mekundu yenye madoa meupe, mazima, yanang'aa kwa mate.

Tangu utotoni nilikula maharagi yale. Niliyajua kama mtu anavyojua sura ya shangazi yake. Nikasema, "Haya ni maharagi ya Masisi. Hapa hakuna mtu anayeyalima. Yako kwenye depo. Panya wanatoka msituni, wanakula depo, wanarudi, na njia yao inapita nyuma ya jiko la Mama Anjelina kwa sababu kiwanja chake kiko katikati. Nyoka wanafuata panya. Ni hilo tu." Nilidhani kelele zitaanza, au vicheko vya watu waliopona hofu. Papa Mateso aliinama, akatazama yale maharagi kwa muda, akainuka.

"Sawa, dada," alisema. "Nyoka ilifuata panya. Sasa, ile panya, ni nani aliituma kwake?"

Watu wakashusha pumzi kama kwamba mtu hatimaye amesema jambo la maana. Nimesimama mbele ya maprofesa tangu hapo, katika nchi za mbali, nimeulizwa maswali magumu na watu waliotaka kuniangusha, na sijawahi kuishiwa maneno kama niliposimama pale na kisu kinachonuka. Wazee walikata shauri la katikati: kanisa litafunga na kusali, na mama atakaa mpaka maombi yaishe; kama nyoka wataendelea, ataondoka. Mama Anjelina aliokota jani la mgomba lenye uchafu wangu, akalikunja, akaenda kulitupa, kwa sababu uwanja wa kanisa ulikuwa umechafuka na hakuna aliyetaka kuligusa.

Kesho yake nilifunga mizigo yangu. Nilikuwa nimefikiri kwamba watu hawakuamini tumbo la nyoka, basi labda wataamini kuniona mimi nikilala kwa mama yule na kuamka. Mama Neema alisimama mlangoni mwa chumba. "Unatoka kwangu," alisema, "unaenda kwake?"

"Mama, kama yeye njo anatuma nyoka, basi itanipata."

"Na kama hatume?"

"Itaweza kunipata vilevile."

Alisogea nipite. Hakunisaidia kubeba, wala hakunitukana. Nusu ya maisha yangu imepita tangu siku ile, na bado nausikia uzito wa mgongo wangu ukimpita.

Nyumba ya Mama Anjelina ilikuwa na vyumba viwili na jiko la pembeni. Paa lilikuwa la bati kuukuu, na vijana walilirushia mawe mchana, wakipita tu. Majani yake yalikuwa mlangoni, yamenyauka, na kando yake msalaba wa mbao. Tulikula sombe, ndizi za makemba za kuchoma, na mara moja moja samaki wa chumvi. Hakuna aliyeniletea nyoka tena, kwa hiyo sikuwa na kazi. Nilizunguka ua, nikaenda mpaka ukingo wa msitu, nikarudi, nikapanga chupa tupu. Alinivumilia siku nyingi, kisha siku moja akapiga mwiko juu ya chungu. "We mutoto, unatembea sana. Mulango iko mbili: ya kuingia ao ya kutoka. Keti ukule." Niliketi. Nilimwuliza kama haogopi. Alisema, "Niliogopa wakati watoto yangu walikuwa wangali wazima. Sasa niogope nini?" Nilienda pia kwa mwenye depo, nikamwomba afyeke magugu, azibe matundu, anyanyue magunia juu ya mbao. Alinisikiliza akipiga mswaki. "Dada, miye nauza maharagi," alisema. "Sichunge panya."

Aliyebadilisha mambo ni Papa Mateso, na sijui mpaka leo kama alikuja kutafuta ukweli au kutafuta kosa. Asubuhi moja tulimkuta nyuma ya jiko, amechuchumaa, akitega nyaya kwenye kile kijinjia kilichotokea depo kwenda msituni. Hakutusalimia. Kesho yake alirudi; mtego ulikuwa na panya buku. Alimshika, akambonyeza mashavu kama alivyoniona nikifanya, akatazama maharagi kwenye kiganja, akayatupa. Alitega tena. Akapata tena. Alifanya hivyo mvua ikinyesha na jua likiwaka, na kila mara alibonyeza mashavu, kila mara alitazama. Nilikuwa namchungulia kutoka jikoni. Siku moja nilimwona amekaa chini kwenye matope, panya mapajani, maharagi mkononi, na mabega yanamtikisika. Mama Anjelina alinivuta nyuma. "Muache," alisema. "Hapana kumuangalia."

Baada ya hapo Papa Mateso alikwenda depo na panga mkononi. Hakumgusa mtu. Alimwonyesha mwenye depo matundu yote, moja baada ya jingine, na yule mfanyabiashara aliyenijibu na mswaki mdomoni akanyanyua magunia siku ileile. Magugu yakafyekwa. Halafu, siku ya Jumapili baada ya kanisa, watu wakiwa bado barabarani na nguo zao nzuri, Papa Mateso aliingia kwenye ua wetu, amemshika mkiani panya buku mnono. Akamnyooshea Mama Anjelina.

"Mama, pika."

Alipika. Ilichukua muda, na watu wakaja mmoja mmoja wakajipanga kwenye ua wa miti kutazama. Mahali pale mtu hanywi hata maji kutoka kwenye mkono wa anayeitwa mchawi. Mtoto akipokea muwa kwake hupigwa. Mama Anjelina alileta bugali na nyama kwenye sahani moja, akaiweka chini katikati ya uwanja. Kama ilivyo desturi ya mwenye nyumba anayetaka kuondoa shaka, alinyoosha mkono aonje kwanza. Papa Mateso akaushika mkono wake.

"Hapana, mama. Miye njo nitaanza."

Alikata tonge, akachovya, akatia mdomoni, akatafuna akitazama mbele, akameza. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mama Neema alikuwa kwenye ua pamoja na wengine. Alikuja, akaketi kando ya mumewe, akanawa, akala naye. Mimi nilipewa nafasi ya mwisho kwenye sahani ile, na kwa mara ya kwanza tangu Masisi nilikula bila kusikiliza chochote. Nimepasua matumbo mengi maishani na kuandika juu ya nilichokuta ndani. Wenzangu wa kazi wanasema ushahidi hujisemea wenyewe. Ulinyamaza pale kanisani, ukanyamaza kwenye chupa zangu. Ulisema siku ile tu, mtu aliyeumia kuliko wote alipoukubali mdomoni mwake mbele ya watu.

Nyoka walipungua kiangazi kilipoanza. Watu wa maombi walisema ni kufunga kwao. Sikubishana. Nilirudi kulala kwa Papa Mateso, watu wakaanza tena kuniletea nyoka, na nilifikiri sasa nitapata miezi ya kufanya kazi kwa utulivu. Lakini vita ilishuka kwa barabara ileile niliyoshukia mimi. Asubuhi moja, maji ya chai yakiwa motoni, masasi ya bunduki yalianza kulia upande wa depo, na kijiji kizima kilichokuwa kimebishana msimu mzima nani aondoke kikaondoka kwa pamoja, hata chai haijachemka. Niliacha chupa zote. Mama Neema alibeba sufuria na Biblia. Tulipofika kwenye migomba nilimwona Mama Anjelina amekaa kwenye kizingiti cha mlango wake, mikono mapajani, akituambia tuende, miguu yake haiwezi mbio, na yeye amekwisha kuzika watu wake wote hapo.

Papa Mateso alitupa mzigo wake chini. Akaenda, akampa mgongo, akachuchumaa.

"Mama, panda."

"Mateso, niache."

"Panda, nasema. Masasi haingoje."

Alipanda. Tuliingia msituni kwa njia ya wawindaji, Mama Neema nyuma, mimi kando yao, majani yakitupiga usoni. Baada ya muda Papa Mateso alisimama. Jasho lilimtiririka kidevuni. Mikono yake ilikuwa imeshika mapaja ya bibi yule, kichwa kimeinama chini ya uzito, na mbele yetu njia ilikuwa imefunikwa na majani makavu, mengi, kahawia na njano, mpaka mahali macho yanapoishia.

"Dada Sifa," alisema, akihema. "Na huyu mama mugongoni, sioni fasi naweka miguu. Weye njo unaijua nyoka. Pita mbele, utuangalilie chini."

Nikapita mbele.